Nje ya Fremu, Kushoto

Saa nane na dakika kumi na saba mchana, kamera ya sita ilimwonyesha mlinzi wa lango akiwa amelala kifudifudi, mguu wake wa kulia ukiendelea kuparua changarawe. Bunduki yake haikuwepo. Lori jeupe lilikuwa limesimama juu ya kizuizi cha lango kilichovunjika, milango yote miwili ikiwa wazi.

Tusekile Mwambungu, mwendeshaji wa zamu katika chumba cha pili cha ulinzi, aliiona picha hiyo akiwa Mbeya, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kituo chenyewe cha betri za malori. Aliona pia picha nyingine tano kwa wakati uleule, kwa kuwa skrini iliyokuwa mbele yake ilikuwa pana kiasi kwamba asingeweza kugusa ncha zake mbili bila kunyoosha mikono. Kamera sita zilipangwa juu yake kwa safu moja. Ya kwanza, kushoto kabisa, ilitazama ukuta wa nyuma wa banda la betri. Ya pili na ya tatu zilikuwa ndani ya banda. Ya nne ilikuwa jicho la Kobe, mashine ya ulinzi iliyosimama uani mkabala na mlango wa banda. Ya tano ilitazama maegesho, ya sita lango. Mtu aliyetembea kituoni kutoka nyuma hadi mbele alionekana akiivuka skrini kutoka ncha moja hadi nyingine.

Majambazi wawili walikuwa wameshaingia bandani, mmoja wa kofia nyeusi na mwingine mfupi. Wa tatu alirudi kukaa kwenye usukani wa lori. Wote walivaa ovaroli za kijani, zilezile za mafundi wa kituo. Mafundi waliokuwa zamu siku hiyo walikuwa wawili. Lwitiko Sanga alikuwa kwenye kamera ya kwanza, amelazwa chini ya ukuta, mikono imefungwa mgongoni kwa kamba ya plastiki, damu ikimtoka puani. Flaviana Haule alikuwa kwenye kamera ya tatu, amepiga magoti mbele ya rafu za betri, na mwenye kofia alikuwa akimpiga usoni kwa kitako cha bunduki ya mlinzi.

Tusekile alibonyeza ombi la kikao.

Kobe ilikuwa na bunduki, lakini haikuwa na ruhusa. Mashine za aina hiyo zilipigwa marufuku kutambua sura za watu baada ya kukosea mara nyingi mno, na tangu hapo kila risasi ilihitaji binadamu wawili waseme ndiyo. Hawakuwa askari wala wafanyakazi wa kampuni. Walikuwa raia walioapishwa, wakiitwa mashahidi, na waliitwa popote walipo kwa simu zao.

Wa kwanza kuingia kikaoni alikuwa Bi Nasikiwa Mmbaga, hakimu mstaafu, aliyeonekana akiwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Wa pili alikuwa Kagaruki, mfamasia, nyuma ya kaunta ya duka lake.

"Shikamoo, Bi Hakimu," alisema Kagaruki.

"Marahaba. Geuza simu yako, naona dari."

Wa tatu aliingia kwa sauti tu. Alikuwa Kihwele, mkuu wa zamu, ndani ya gari akitokea Tukuyu mazikoni. Mkuu wa zamu aliruhusiwa kusikiliza na kuona kile tu mashahidi walichoonyeshwa.

"Mnaona skrini yangu?" aliuliza Tusekile.

"Tunaona, endelea," alisema Kagaruki.

"Unaona nini, wewe?" aliuliza Bi Nasikiwa. "Mimi naona utepe. Juu giza, chini giza, katikati kitu kama zipu ya suruali."

Kagaruki alisogeza simu karibu na uso. "Aa. Kweli, hata mimi naona utepe. Nimesema kwa mazoea, Bi Hakimu. Vikao vyote ndivyo tunavyojibu."

Tatizo lilikuwa la vipimo, na kila mwendeshaji wa chumba cha pili alilijua. Skrini pana ikirushwa nzima kwenye simu, hubanwa hadi upana wake utoshe, na kimo chake husinyaa. Mtu mzima kwenye kamera ya tatu huonekana mdogo kuliko punje ya mchele. Wakati huo huo Sheria ya Mkono ilisema shahidi haruhusiwi kutoa idhini mpaka aweze kutaja kilicho mkononi mwa mlengwa. Kwa hiyo waendeshaji walichora fremu. Walichagua sehemu ya skrini, wakairusha hiyo peke yake, na shahidi akaona mkono, kidole, na pete kama ipo.

Kifungu kingine cha sheria hiyohiyo kilisema shahidi aone skrini ya mwendeshaji. Kiliandikwa enzi ambazo skrini ya mwendeshaji ilikuwa na umbo sawa na ya simu. Hakuna aliyekirekebisha.

Kofia nyeusi ilimwinua Flaviana kwa nywele, ikamsukumia mtutu chini ya sikio. Mdomo wake ulionekana ukisema kitu. Flaviana alitikisa kichwa. Kwenye kamera ya pili yule mfupi alikuwa akihangaika na kufuli ya rafu.

"Tuse," alisema Kihwele. "Fremu."

Tusekile alichora fremu kuzunguka kamera ya tatu na ya nne. Utepe ulitanuka kwenye simu za mashahidi, ukajaza kioo chote.

"Mnaona skrini yangu?"

"Sasa naona," alisema Bi Nasikiwa.

"Mkono una nini?"

"Bunduki ndefu. Kidole kipo kwenye kifyatulio. Mwanamke amepiga magoti."

"Bunduki," alisema Kagaruki. Mtu fulani dukani kwake aliomba dawa ya kikohozi. "Ngoja mama, nipo kikaoni."

"Idhini?"

"Nimeona, piga," alisema Bi Nasikiwa.

"Nimeona, piga."

Kobe ilipiga risasi moja. Iliingia juu ya jicho la kushoto la mwenye kofia na kutoka na sehemu ya kisogo, ambayo iliruka ikagonga mlango wa rafu. Alianguka juu ya miguu ya Flaviana. Bunduki iliteleza sakafuni hadi karibu na mpaka wa kamera ya tatu na ya pili.

"Mungu wangu," alisema mteja wa Kagaruki.

"Mama, hutakiwi kutazama hapa."

*

Yule mfupi alikuwa hodari kuliko mwenzake. Hakukimbia. Alichomoa bastola, akapiga kwanza kipaza sauti kilichokuwa juu ya mlango, kile ambacho Tusekile angekitumia kuzungumza na watu wa bandani. Kisha akampiga Flaviana risasi ya kiganja alipojaribu kuifikia bunduki, akamvuta kwa ukosi wa ovaroli na kujificha nyuma yake, mgongo wake ukiegemea rafu. Kilichobaki wazi kwa Kobe kilikuwa nusu ya sikio na kiwiko. Nyuma ya kiwiko zilipangwa betri za malori, kila moja nzito kama mbuzi watatu. Risasi ikitoboa betri moja, banda zima lingeungua.

Kobe haikuomba idhini. Ilihesabu nafasi, ikakaa kimya.

Kile ambacho Tusekile alikiona baada ya hapo kilitokea kwenye kamera ya kwanza, kushoto kabisa, nje ya fremu. Lwitiko Sanga alikuwa amejikokota hadi pembe ya chuma ya msingi wa ukuta na alikuwa akisugua kamba ya plastiki, na ngozi ya vifundo vya mikono yake pamoja nayo. Kamba ilikatika. Alikaa kidogo, akajifuta damu machoni, akaingia bandani kwa mlango wa nyuma. Alivuka kamera ya pili akitambaa chini ya rafu. Tusekile alimjua vizuri. Ndiye aliyepiga simu kila asubuhi kujaribu kamera, na kila asubuhi alimuuliza kama Mbeya wameshakunywa chai au bado wanalindwa na njaa.

Mashahidi hawakuona lolote kati ya hayo. Fremu ilikuwa bado juu ya kamera ya tatu na ya nne. Walichokiona ni mtu wa ovaroli ya kijani, uso umejaa damu, akijitokeza ghafla kutoka ukingo wa kushoto wa picha na kuinyakua bunduki sakafuni.

Kobe iligeuza mlingoti wake, uliobeba jicho na bunduki. Huyu hakuwa na mtu mbele yake. Ombi la idhini lilitokea kwenye skrini.

"Wamebaki wawili humo ndani," alisema Kihwele. "Chukua huyo kwanza. Haraka."

Waendeshaji walikatazwa kueleza. Katika miaka ya mwanzo ya vikao, waendeshaji waliojua kusema waliwashawishi mashahidi wakaua watu waliokuwa na fimbo, simu, hata mwavuli. Bunge liliwafunga midomo. Kikao kikiwa wazi, mwendeshaji aliruhusiwa maswali matatu tu: mnaona skrini yangu, mkono una nini, idhini. Akisema neno la nne, mfumo, uliosikiliza sauti yake peke yake, ulilisikia, kikao kilibatilika, na mashine ilikunja bunduki yake kwa robo saa. Robo saa hiyo ilikusudiwa kuzuia mashahidi wapya wasiamue kwa maneno waliyoyasikia wa kwanza.

"Mnaona skrini yangu?" aliuliza Tusekile. Alikuwa akiivuta fremu kushoto. Ilipofika kamera ya kwanza ilionyesha ukuta mtupu, kipande cha kamba ya plastiki na alama za damu. Lwitiko alikuwa ametoka kwenye picha.

"Umetupotezea mtu," alisema Kagaruki. "Rudisha."

Alirudisha. Lwitiko alikuwa amesimama, bunduki begani, akiielekeza kwa yule mfupi na kwa Flaviana, kwa sababu wote wawili walikuwa upande mmoja. Kwa mtu asiyejua, alikuwa jambazi anayemlenga mwanamke.

"Mkono una nini?"

"Bunduki," alisema Kagaruki. "Ileile. Anamlenga yule dada. Nimeona, piga."

Taa ya kwanza ya idhini iliwaka. Ilibaki moja.

Bi Nasikiwa alivua miwani ya machoni akavaa ile ya kichwani. "Huyu katokea wapi?"

Tusekile alikitazama kipande cha kamba kwenye kamera ya kwanza.

"Mwendeshaji, nimekaa kwenye kiti cha hukumu miaka mingi. Najua huruhusiwi. Lakini umevuta picha kushoto na umeirudisha. Kuna nini huko?"

"Bi Hakimu," alisema Kihwele, "kila sekunde unayouliza maswali, huyo dada anaweza kufa."

"Na wewe huruhusiwi kunena, kijana."

"Nisamehe. Lakini tazama picha."

"Naitazama." Alisogea hadi paji lake likajaza kioo. "Bunduki naiona. Dada namwona. Naona amelengwa." Alishusha pumzi. "Nime..."

"Huyo ni Lwitiko," alisema Tusekile. "Ni fundi wetu. Alikuwa amefungwa nje ya fremu."

Kikao kilikatika. Nyuso mbili zilitoweka kwenye skrini. Uani, Kobe ilishusha mlingoti, ikaingiza bunduki ndani ya gamba lake, na taa ya juu yake ikageuka kutoka nyekundu kuwa njano.

*

"Tuse," alisema Kihwele, ambaye bado alikuwa kwenye simu ya ofisi. "Umefanya nini?"

"Bi Hakimu alikuwa anasema piga."

"Umemwona kwa muda gani huyo mtu? Wote wana ovaroli za kijani. Uso wote damu."

"Nimemwona akikata kamba."

"Mimi sijamwona. Hao wawili hawajamwona. Umemwona wewe peke yako, kwenye skrini yako peke yako."

Yaliyofuata yalirekodiwa na kamera zote sita, na hayana ubishi.

Yule mfupi alipiga kwanza. Risasi ya bastola ilimwingia Lwitiko ubavuni, chini ya mbavu, ikamgeuza nusu mduara. Flaviana alitumia nafasi hiyo kumng'ata mfupi mkono, akang'ata mpaka meno yakakutana. Mfupi alipiga ukelele na kumwachia. Alipoinama kumpiga na bastola kichwani, alikuwa wazi kuanzia kiunoni kwenda juu. Lwitiko, akiwa ameegemea nguzo, alipiga risasi tatu. Hakuwahi kushika bunduki kabla ya siku ile. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilivunja taya la yule mfupi, na ya tatu ikamwingia kooni. Alikaa chini polepole, mikono yake ikijaribu kuzuia kilichokuwa kikitoka. Alichukua muda kufa. Hakuna betri iliyotobolewa.

Flaviana alikimbia. Alikimbia kuelekea mahali ambapo mtu yeyote angekimbilia, langoni, kupitia uani, akiwa ameushika mkono wake uliojeruhiwa kifuani.

Dereva wa lori alikuwa hajatoka kwenye usukani tangu risasi ya kwanza ya Kobe. Kamera ya sita inamwonyesha akitazama juu ya dashibodi kila baada ya muda. Alikuwa akiitazama taa. Kila mtu wa barabara ile alijua maana ya njano. Taa ilipogeuka, aliwasha lori, akavunja kilichobaki cha kizuizi na kuingia uani kwa kasi. Huenda aliwafuata wenzake, huenda alifuata betri. Flaviana alitokea mbele yake kati ya maegesho na Kobe. Dereva hakukata kona wala kushika breki. Lori lilimgonga, likamburuta hadi kwenye gamba la mashine, likambana hapo.

Kobe ilitikisika kidogo. Mlingoti wake ulibaki umekunjwa.

Tusekile alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe cha ombi la kikao, na kitufe kilikuwa cha kijivu.

"Lori limembana Flaviana. Fungua," alisema. "Fungua, fungua, fungua."

"Hakifunguki," alisema Kihwele. "Unajua hakifunguki." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kobe ingekuwa na bunduki tayari, Tuse, lori lisingefika hapo."

Hilo lilikuwa kweli.

Lwitiko alitoka bandani akijikokota na kulipiga lori risasi hadi kioo cha mbele kikaanguka. Dereva alirudi nyuma, akagonga ukuta wa maegesho, akaruka nje na kukimbilia kwenye shamba la mahindi kando ya kituo, akiwa na panga au kitu kirefu kama panga. Mahindi yalikuwa yamekomaa. Yalitikisika kwa mstari, kisha yakatulia.

Lwitiko alifika alipokuwa Flaviana. Alimgusa shingoni. Alikaa kando yake, mgongo kwenye gurudumu la Kobe, bunduki kwenye mapaja, macho kwenye mahindi.

*

Gari la polisi lilifika langoni wakati robo saa ikielekea kwisha. Askari walikuwa watatu, na mmoja alikuwa koplo. Walisimama nje kwa sababu kanuni iliwataka wasimame nje. Ndani kulikuwa na mtu mwenye silaha na mashine ambayo haikujua tofauti kati ya polisi na mwingine yeyote. Koplo alipiga simu chumba cha pili.

"Nani huyo aliyekaa?"

"Ni fundi wa kituo, afande," alisema Tusekile. "Amejeruhiwa. Anavuja damu."

"Mkuu wako amenipigia njiani. Anasema hamna uhakika."

"Mimi nina uhakika."

"Mashine yenu itanyamaza?"

Hakuweza kumwahidi. Taa ya Kobe iligeuka nyekundu wakati koplo akiwa bado kwenye simu. Mlingoti ulipanda. Bunduki ilitoka gambani, ikazunguka ua mzima, ikapata mtu mmoja mwenye silaha, ikainama hadi mtutu ukawa juu ya utosi wa Lwitiko, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono na kuugusa. Lwitiko aliutazama. Alisema kitu ambacho kamera hazikunasa. Hakuiachia bunduki. Mahindi yalikuwa mbele yake, na dereva alikuwa ndani ya mahindi.

Ombi la idhini lilitokea.

Ombi lisipopokelewa huhamia chumba cha kwanza, Iringa, kwa mwendeshaji ambaye hakuona chochote kabla ya hapo. Huyo angefanya kile ambacho kila mwendeshaji hufanya. Angechora fremu ndogo kuzunguka mtu na bunduki.

Tusekile alipokea ombi. Mfumo uliwaita mashahidi waliokuwa zamu, na wa zamu walikuwa walewale.

"Tumerudi," alisema Bi Nasikiwa. Hakuna aliyesalimia.

"Mashahidi wanakumbushwa," alisema Kihwele, akisoma maneno ya kanuni, "kwamba waliyoyasikia katika kikao kilichobatilika si ushahidi. Mnaamua kwa mnachokiona." Kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Polisi hawawezi kuingia huyo akiwa na silaha. Rafu za betri ziko wazi nyuma yake. Akipiga ovyo, tunapoteza kituo na kila aliye karibu."

Tusekile alifuta fremu. Alirusha skrini nzima, kutoka ukuta wa nyuma hadi langoni.

"Mnaona skrini yangu?"

Kwenye simu za mashahidi ulitokea utepe. Ndani yake, upande wa kushoto, kulikuwa na doa lililokuwa kamba ya plastiki. Karibu na katikati kulikuwa na maiti mbili ndogo kama sisimizi. Mbele yake kidogo, kitu cha kijani kilichokaa na kitu cha kijani kilicholala. Kulia kabisa, gari la polisi.

"Tuse," alisema Kihwele. "Kata fremu."

Tusekile hakugusa kipanya.

Kagaruki alikuwa ametoka nyuma ya kaunta. Duka lilikuwa limefungwa, na nyuma yake mlango wa vyuma ulionekana umeshushwa. Alifungua mdomo na neno la mazoea lilikuwa tayari limeanza kutoka. Alilimeza.

"Sioni," alisema. "Naona mstari."

"Bi Hakimu?" aliuliza Kihwele.

"Naona mengi," alisema Bi Nasikiwa. "Mkono siuoni."

Ombi lilikataliwa. Kobe ilihesabu upya, ikakuta hali ni ileile, ikaomba tena.

"Mnaona skrini yangu?"

"Sioni."

"Sioni mkono."

"Huu ni mchezo," alisema Kihwele. "Mwendeshaji, nakuondoa kwenye kiti. Iringa wapo tayari."

Kiti hakikuweza kuhamishwa kikao kikiwa wazi. Kihwele alilijua hilo, kwa sababu ndiye aliyewafundisha. Kikao kingefungwa na mwendeshaji, au shahidi akiondoka. Bi Nasikiwa aliiegemeza simu kwenye kitu fulani, akakunja mikono. Kagaruki aliiweka yake kwenye chaji.

"Mnaona skrini yangu?"

"Sioni."

"Sioni, mwanangu. Uliza tena."

Kwenye kamera ya nne damu ya Lwitiko ilikuwa imefika kwenye goti la ovaroli. Kichwa chake kilianza kuinama na kuinuka, kama cha mtu anayesinzia kwenye ibada. Kila kilipoinuka, mtutu ulipanda nacho. Kilipoinama, ulishuka.

"Tusekile," alisema Kihwele, na safari hii hakufupisha jina. "Kama siye yeye?"

Aliruhusiwa maswali matatu. Aliuliza la kwanza.

"Mnaona skrini yangu?"

"Sioni."

"Sioni."

Kamera ya sita ilimwonyesha koplo akifungua mkanda wake na kuiweka bastola juu ya boneti ya gari la polisi. Wenzake wawili walimshika mkono. Alijinasua. Aliingia langoni akiwa amenyoosha mikono mitupu mbali na mwili, akauruka mwili wa mlinzi, akavuka kamera ya tano bila kuharakisha. Mlingoti wa Kobe ulimgeukia, ukamkagua viganja, ukarudi kwa Lwitiko. Mikono mitupu haikuombewa idhini.

"Anafanya nini huyu?" aliuliza Kihwele.

Lwitiko alimwona akija na kumwelekezea bunduki. Koplo alisimama. Walizungumza. Koplo aliyatazama mahindi, akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidevu wenzake langoni, ambao sasa walikuwa wamelielekezea shamba silaha zao. Lwitiko hakuiweka chini bunduki. Mikono yake ilikuwa imekakamaa, na inaelekea hakuweza.

"Mnaona skrini yangu?"

"Sioni," alisema Kagaruki, kwa sauti kubwa, kana kwamba koplo angeweza kumsikia.

"Sioni."

Koplo alivua koti lake. Alipanda juu ya gurudumu la Kobe, mguu mmoja ukiwa kando ya kichwa cha Flaviana, akalitupa koti juu ya mlingoti na kuifunga mikono ya koti kwa fundo chini ya jicho la mashine.

Saa tisa kasoro dakika nne, kamera ya nne ilikuwa nyeusi. Ombi la idhini lilitoweka kwenye skrini kwa kukosa mlengwa. Kamera ya tano ilimwonyesha koplo akiwa amepiga magoti, akikibandua kidole kimoja kimoja cha fundi kutoka kwenye bunduki.